Shajara ya mradi: bunduki ya .45 ya baruti nyeusi kwa yadi 1,000, risasi za kuvikwa karatasi

Vipimo vya kuanzia

Bunduki ni ya risasi moja moja, yenye bloku (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya chemba) inayoshuka kwa mtindo wa bunduki za Sharps. Mtutu una urefu wa inchi 34 na msokoto wa mzunguko 1 kwa kila inchi 18. Chemba imekatwa kwa ganda la inchi 2.4, lile linaloitwa .45-90. Kasiba, yaani tundu la mtutu, ina mifereji ya kuizungusha risasi na matuta kati yake; kipenyo ni inchi 0.450 juu ya matuta na 0.458 ndani ya mifereji, yaani mm 11.43 na mm 11.63. Kwa hiyo kina cha mfereji ni inchi 0.004 tu, yaani "elfu 4": katika shajara hii elfu moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Vipenyo vitaandikwa kwa inchi na uzito kwa greni (greni 1 ni gramu 0.0648), kwa kuwa kalibu, mizani na vilengeo vya mchezo huu vimechongwa kwa vipimo hivyo, na ukibadilisha kila namba utaipoteza ileile elfu moja unayoitafuta.

Vipimo vya kasiba vilipatikana kwa kusukuma donge la madini laini ya risasi ndani ya mtutu uliopakwa mafuta, kutoka nyuma hadi mdomoni, kisha kulipima kwa maikromita. Mkono unahisi mengi katika kazi hii: donge likilegea katikati ya safari, mtutu una sehemu pana, na hakuna mchanganyiko wa baruti utakaoiponya. Huu ulisukumika kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho.

Kinachotafutwa ni kupunguza mtawanyiko wa wima kwenye yadi 1,000 (mita 914). Mtawanyiko wa mlalo ni wa upepo na jicho la mlengaji. Wa wima huanzia mezani: ganda, karatasi, baruti, na hali ya kasiba wakati kila risasi inapoingia. Risasi ya greni 530 inayotoka kwa kasi ya futi 1,300 hivi kwa sekunde hukaa hewani zaidi ya sekunde 3 kabla ya kufika. Katika safari ndefu kiasi hicho, risasi mbili zilizotofautiana kwa futi 10 tu kwa sekunde zitaachana kwa kimo cha takribani futi moja au zaidi. Kwenye yadi 100 tofauti hiyo haionekani kabisa, ndiyo maana kundi zuri la yadi 100 halikuhesabiwa kuwa ushahidi wa lolote katika mradi huu.

Chemba na ganda: pete za karatasi

Dalili ya kwanza ilijitokeza mapema. Baada ya kufyatua, kitambaa cha kufutia kilitoka na pete nyembamba ya karatasi, upana wa milimita moja hivi, iliyokuwa imekwama mbele ya chemba. Pete ya namna hiyo ikibaki, risasi inayofuata inaikanyaga, karatasi yake inachanika kabla haijaingia kwenye mifereji, na risasi hiyo huruka ovyo. Wengi hulaumu karatasi na kubadilisha aina tatu nne bila kupata nafuu.

Chanzo ni urefu wa ganda. Chemba ilijazwa salfa iliyoyeyushwa kwa moto mdogo, ikaachwa igande na kusukumwa nje. Salfa husinyaa kidogo sana, hivyo inatoa sura halisi. Chemba ilikuwa na urefu wa inchi 2.410. Maganda yalikuwa 2.385. Hiyo inaacha pengo la elfu 25 kati ya mdomo wa ganda na mwanzo wa mifereji. Baruti inapolipuka, risasi laini hupigwa kutoka nyuma na kutanuka papo hapo. Sehemu iliyo mbele ya mdomo wa ganda hutanuka na kujaza pengo, kisha kingo za mifereji huikata karatasi iliyobanwa mle kama mkasi. Mabaki ndiyo pete. Kwa risasi za grisi zisizo na karatasi, pengo hilohilo huacha pete ya madini badala ya karatasi.

Ganda fupi halirefushwi. Njia iliyotumika ni kununua maganda ya inchi 2.6 na kuyakata hadi 2.403, yaani elfu 7 chini ya chemba. Chini ya elfu 5 si salama, kwa sababu ganda hurefuka kidogo kadiri linavyotumika, na mdomo ukigonga mwisho wa chemba unaibana risasi na kupandisha shinikizo. Zaidi ya elfu 10 pete zinaanza kurudi.

Ganda la kukata lina jambo lake: ukuta wake mzito umeshuka karibu na mdomo mpya, na mwili wake ni mpana kidogo kuliko chemba inavyotaka. Lazima lipitishwe zima kwenye dai (kibano cha chuma) ya kurudisha umbo kabla ya mara ya kwanza, kisha lifyatuliwe ili lichukue sura ya chemba. Baada ya hapo halibanwi tena mwili mzima. Milimita 3 za mdomoni tu ndizo hubanwa hadi kipenyo cha ndani kifike 0.448, kwa sababu ganda lililokwisha kufyatuliwa humo lina 0.459 hivi ndani, na risasi ya 0.449 ingetumbukia hadi chini. Risasi ishikwe kwa nguvu ya vidole viwili, isizidi hapo. Hakuna kukunja mdomo wa ganda. Mkunjo ungeikwaruza karatasi wakati wa kutoka.

Shingo za maganda zililainishwa kwa moto: kitako ndani ya maji, mdomo kwenye ndimi za gesi huku ganda likizungushwa, katika chumba chenye giza kiasi, hadi shaba ionyeshe wekundu hafifu sana, kisha linaangushwa majini. Kitako kisipate joto hata kidogo. Kitako kilicholainika hakizuii shinikizo. Jinsi ya kujua kama shingo ni laini ya kutosha ni kutazama nje ya ganda baada ya kufyatua. Masizi yakiteremka pembeni hadi nusu ya ganda, shingo ni ngumu, haijibandiki kwenye chemba kwa wakati, na gesi inapita nyuma. Baada ya kulainisha, masizi yaliishia kwenye ukingo wa mdomo.

Kusubu risasi

Aloi ni sehemu 20 za madini ya risasi safi kwa sehemu 1 ya bati. Ilijaribiwa pia 16 kwa 1, na tofauti ilionekana kwenye karatasi zilizookotwa, si kwenye shabaha. Risasi ya kuvikwa karatasi ni nyembamba kuliko kasiba. Inategemea kutanuka ili ishike mifereji. Ikiwa ngumu mno haitanuki na gesi inaipita. Ikiwa laini mno pua yake ndefu huinama au kusinyaa inapopigwa na baruti, na uzito unahama upande mmoja. Kwa pua ya umbo la duaradufu na baruti ya greni 88, hiyo 20 kwa 1 ilitosha. Mwenye pua ndefu zaidi aanze na 16.

Kalibu inatoa risasi ya kipenyo 0.442, urefu inchi 1.40, kitako bapa. Kuhusu urefu, kanuni ya Greenhill, 150 mara mraba wa kipenyo ukigawanywa kwa msokoto, inaruhusu hadi karibu inchi 1.69 kwa mtutu huu. Lakini risasi hii hushuka chini ya kasi ya sauti ikiwa bado njiani, na huko ndiko isiyozunguka vya kutosha huanza kuyumba. Kubaki karibu na inchi 1.4 ni kujiwekea akiba.

Chungu kilishikiliwa kati ya nyuzijoto 380 na 400 za Selsiasi. Kalibu baridi huacha mikunjo. Yenye joto kupita kiasi huacha ngozi ya ukungu mweupe na kipenyo kinachobadilika. Mdundo ni muhimu kuliko kipimajoto: kumimina, kuhesabu hadi madini yaliyobaki juu ya mlango wa kalibu yagande, kufungua, kufunga, bila kusimama kukagua. Risasi zikaguliwe zikishapoa. Nta kidogo huwekwa chunguni na kukorogwa ili bati lililopata kutu juu lirudi kwenye aloi badala ya kutupwa pamoja na takataka.

Zinapimwa uzito na kupangwa kwa mafungu ya nusu greni. Risasi yenye uzito pungufu kwa greni 2 au 3 kuliko wenzake ina kipovu ndani, na kwa kuwa kipovu hakikai katikati, hiyo hurudi chunguni hata kama nje inang'aa. Kingo za kitako ziwe kali pande zote. Kitako ndicho usukani wa risasi. Pua yenye mkwaruzo inasameheka, kitako chenye pengo hakisameheki.

Karatasi

Karatasi ni ya pamba tupu, nyembamba, unene wa elfu 1.8, yaani inchi 0.0018. Inazungushwa mara mbili, hivyo kwenye kipenyo inaongezeka mara nne: 0.442 na 0.0072 inatoa 0.4492. Risasi iliyovikwa inapaswa kuingia kwenye kasiba safi kwa kusukumwa na kidole gumba, ikiteleza juu ya matuta bila kulegea na bila kukwaruzwa. Ikigoma, karatasi ni nene mno au kalibu ni pana mno, isilazimishwe.

Unene upimwe kwa maikromita, karatasi ikiwa imekunjwa kuwa tabaka nane na jibu kugawanywa kwa nane. Kupima tabaka moja kunadanganya, kwani kosa dogo la mkono linakuwa sehemu kubwa ya jibu.

Umbo la kiraka ni msambamba wenye ncha zilizokatwa kwa nyuzi 45. Ncha hizo ni za lazima: zingekatwa wima, mwanzo na mwisho wa karatasi vingekutana kwenye mstari mmoja kando ya risasi na kuacha mfereji au kigongo upande mmoja. Zikikatwa mshazari, mshono unazunguka.

Urefu hupatikana kwa hesabu kabla ya kukata. Tabaka la kwanza lina kipenyo cha katikati 0.4438, la pili 0.4474. Jumla mara pai ni inchi 2.80, yaani mm 71. Karatasi ikilowa hurefuka, na kiasi chake kinategemea aina na upande nyuzinyuzi zake zinapoelekea, kwa hiyo kiolezo cha chuma kilianzia mm 70 na kupunguzwa kwa tupa hadi ncha mbili zikutane bila kupandana. Pengo la nusu milimita halina madhara yaliyoonekana. Kupandana, hata kwa upana huohuo, ni tabaka la tatu upande mmoja tu wa risasi, na risasi hiyo haiko tena katikati ya kasiba. Kati ya makosa hayo mawili, lichaguliwe pengo.

Viraka vyote vikatwe kwa mwelekeo mmoja wa nyuzinyuzi. Ili kuujua, lowesha kipande cha mraba upande mmoja: kitajikunja, na mhimili wa mviringo huo ndio mwelekeo wa nyuzinyuzi. Kuchanganya vya wima na vya mlalo kunaleta viraka vinavyorefuka tofauti kutoka kiolezo kimoja, na hapo mtu atajilaumu kwa mkono mzito bure.

Upana ni mm 31: mm 24 za kufunika mwili wa risasi hadi pale pua inapoanza kupinda, na mm 7 za kukunja chini ya kitako. Karatasi isipande juu ya pua. Ukingo wake ukishika mwanzo wa mifereji unarudi nyuma kama sokisi.

Kuvika hufanywa karatasi ikiwa imelowa maji safi na kukaushwa juujuu kwa kitambaa, iwe na unyevu bila kung'aa. Ncha kali inawekwa sambamba na mwili, risasi inazungushwa juu ya kipande cha mpira kwa shinikizo la kiganja, na mkia unakunjwa chini ya kitako kwa mikunjo midogo. Kuna wanaousokota mkia na kuukata. Msokoto ukibaki mrefu hujichora kwenye kitako cha madini laini na huweza kushikilia karatasi isiachie baada ya mdomo wa mtutu. Mradi huu umeshika mikunjo bapa. Kuhusu ubishi wa kama karatasi izungushwe kufuata msokoto wa mtutu au kuupinga, pande zote mbili zilijaribiwa na shabaha haikutofautisha. Upande mmoja ukichaguliwa udumu.

Risasi husimamishwa kwa kitako zikauke usiku kucha mahali pasipo na jua kali. Karatasi ikikauka husinyaa na kuubana mwili wa risasi, na hiyo ndiyo gundi pekee inayohitajika. Baadaye kidole chenye mafuta kidogo mno hupitishwa juu yake. Mafuta mengi huifanya karatasi iteleze na kukunjamana.

Mbele ya mdomo wa mtutu ndiko matokeo yanakosomwa. Vipande hutapakaa ndani ya mita 15 za kwanza, na kila kipindi cha kufyatua kilimalizika kwa kuviokota. Tafsiri iliyotumika:

- Vipande vyembamba vilivyokatwa kwa urefu, vyenye alama za matuta, rangi karibu nyeupe: risasi ilitanuka na kushika, karatasi iliachia mara moja.
- Vipande vyenye kingo zilizoungua: gesi ilipita pembeni. Aloi ngumu, kizibo kibovu, au risasi nyembamba.
- Kitako cha karatasi kikiwa kizima kama kikombe, peke yake: kawaida, hakina neno.
- Karatasi nzima isiyo na mkato: matuta hayakuifikia, na pengine iliruka na risasi hadi mbali. Shabaha itakuwa imekwisha kueleza hilo.
- Mkato mshazari badala ya kufuata urefu: risasi iliteleza juu ya mifereji kabla ya kushika.

Baruti, vizibo na fataki

Baruti nyeusi tu. Baruti isiyo na moshi haiingii kwenye bunduki hii kwa kiasi chochote. Punje zilizotumika ni za daraja la 1½ Fg, greni 88 kwa ganda, zikipimwa kwa mizani. Wapo wanaopima hadi sehemu ya kumi ya greni na kujivunia hilo. Greni nzima kati ya 88 ni zaidi kidogo ya asilimia 1, kwa hiyo sehemu yake ya kumi inazama ndani ya makosa mengine yote. Muda huo ungefaa zaidi kwenye mdeki, fimbo ya kufutia kasiba.

Baruti humiminwa taratibu kupitia bomba la shaba la sentimita 60. Punje zinapodondoka kwa urefu huo hujipanga vizuri na kuchukua nafasi ndogo. Bomba liwe la shaba, si plastiki, kwa sababu ya umeme tuli.

Juu ya baruti huwekwa kizibo kigumu cha unene wa inchi 0.060, kisha mchanganyiko hushindiliwa kwa dai maalumu hadi baruti ishuke kwa inchi 0.10. Kamwe isishindiliwe kwa risasi yenyewe, kwani itavimba kabla haijaingia chemba. Kiasi cha kushindilia hutegemea baruti: ya punje nzito na zilizong'arishwa sana hutaka kidogo, ya punje nyepesi huenda ikataka mara mbili au tatu ya hapo. Kilichofanyika ni kushika greni palepale na kuongeza kushindilia kwa inchi 0.03 kila mara, huku kipimakasi kikitazamwa. Kasi ilitulia kwenye 0.10, na kwenye 0.16 ikaanza tena kutawanyika, huenda punje zilianza kupondwa.

Juu ya kizibo hukaa kidonge cha grisi cha unene wa mm 3, nta na mafuta ya wanyama, halafu kizibo chembamba cha kadi, halafu risasi iliyoingia mm 3 tu ndani ya ganda. Kadi ya juu inazuia grisi isilowanishe kitako cha karatasi. Bila kadi hiyo kidonge kilijibandika kwenye kitako na kusafiri na baadhi ya risasi, na risasi zenye mzigo huo zilitua chini ya wenzake.

Pasibaki nafasi ya hewa popote kati ya baruti na risasi. Ganda lililojazwa nusu, au risasi iliyosogea mbele na kuacha pengo, huweza kuvimbisha mtutu pete moja, na mtutu wa namna hiyo umekwisha. Baruti ikipungua, kizibo kiongezwe unene.

Fataki, yaani viwashio vya kitakoni mwa ganda, ni za kawaida za bunduki kubwa. Chini ya kila fataki kuna kidoto cha karatasi nyembamba ya gazeti kinachofunika tundu la moto. Kinapunguza ukali wa mshindo usisukume risasi kabla baruti haijashika vizuri. Matundu ya moto yote yalisawazishwa hadi inchi 0.081. Kati ya mabadiliko yote madogo, kidoto hiki ndicho kilichopunguza tofauti za kasi waziwazi kwa gharama karibu na sifuri.

Kufuta kasiba

Hapa ndipo mtawanyiko wa wima ulipopungua kweli.

Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama yabisi baada ya kuungua: kaboneti, salfeti na salfaidi za potasiamu pamoja na makaa. Kwa greni 88 hizo, zaidi ya greni 44 za takataka huzaliwa kila unapofyatua. Nyingi hutoka kama moshi, nyingine hubaki kama ukoga mtutuni. Hewa ikiwa na unyevu ukoga hubaki laini. Jua likiwaka na mtutu ukipata joto unakuwa mgumu kama chokaa, na risasi ya 0.449 katika kasiba ya 0.450 haina pa kupita. Mwenye risasi za grisi anaweza kupuliza pumzi kwa bomba na kuendelea. Mwenye karatasi lazima afute kila baada ya risasi moja.

Kufuta kwenyewe kila mtu anafanya. Kufuta kwa namna ileile kila mara ndiko kugumu. Kipimakasi kilionyesha kwamba risasi iliyofuata kitambaa kilicholowa sana ilikuwa na kasi tofauti na iliyofuata kitambaa kilichokaushwa, tofauti kubwa kuliko iliyoletwa na mabadiliko ya baruti ya greni nzima. Utaratibu uliokubaliwa baada ya hapo:

1. Kitambaa cha kwanza, kilicholowa mchanganyiko wa maji sehemu 10 na mafuta yanayoyeyuka majini sehemu 1, kikamuliwe hadi kisidondoke. Kinasukumwa kutoka chemba hadi nje ya mdomo kwa mwendo mmoja na kuangushwa. Hakirudishwi ndani.
2. Cha pili, sawa na cha kwanza.
3. Cha tatu, kikavu, chenye kubana zaidi. Kikitoka na maji yanayoonekana, cha nne kifuate.
4. Chemba inafutwa peke yake kwa kitambaa kikavu kwenye kijiti kifupi.

Hatua ya nne huachwa mara nyingi na ina adhabu mbili. Maji yaliyotulia mwanzoni mwa mifereji huilowanisha karatasi, nayo ikiwa mbichi inachanika inapobanwa. Na chemba yenye unyevu au mafuta hailishiki ganda, kwa hiyo ganda linarudi nyuma kwa nguvu zaidi dhidi ya bloku. Vitambaa vyote vikatwe kwa mkato mmoja na kulowanishwa kwa pamoja kwenye kopo lenye kifuniko, ili cha mwisho kiwe na unyevu sawa na cha kwanza. Kitambaa kilicholowa kwenye upepo na jua kinabadilika ndani ya dakika chache.

Pia muda. Ganda likiachwa kwenye chemba ya moto huku mlengaji akisubiri upepo, joto linapanda kwenye baruti na grisi inalainika. Ikiwa kungoja kutapita dakika mbili hivi, ganda litolewe. Kutoa ganda lenye risasi ya karatasi kwa pupa kunaweza kuiacha risasi kwenye kasiba na kumwaga baruti ndani ya mashine ya bunduki. Mdomo wa mtutu uelekezwe shabahani na bloku ishushwe polepole.

Risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu safi mkavu haikuhesabiwa katika kundi lolote. Mbili hufyatuliwa kwanza, kila moja ikifutwa kwa utaratibu huo, ndipo mtutu unafika kwenye hali yake ya kazi.

Vilengeo

Kilengeo cha nyuma ni cha vernia (chenye mizani ya kusoma sehemu ndogo sana za inchi), kimesimama kwenye shingo ya kitako. Cha mbele ni cha tundu lenye pete za kubadilisha na pima maji ndogo. Umbali kati yao ni inchi 34.4, uliochaguliwa makusudi: kwa umbali huo, kupanda kwa inchi 0.010 ni sawa na dakika 1 ya pembe (sehemu ya 60 ya digrii), ambayo kwenye yadi 1,000 ni inchi 10.5. Vilengeo vikiwa karibu au mbali zaidi, jedwali libadilishwe kwa uwiano huo.

Pima maji si pambo. Kutoka yadi 100 hadi 1,000 kilengeo kinapanda zaidi ya dakika 100. Kwa kila dakika 100 zilizopandishwa, bunduki iliyoinama kwa digrii 1 inapeleka risasi pembeni kwa dakika 1.75, yaani inchi 18 kwenye yadi 1,000. Digrii 1 haionekani kwa jicho lililo nyuma ya tundu, hasa uwanja ukiwa na mteremko.

Yadi 800, 900 na 1,000

Masafa haya matatu ndiyo yaliyotumika Creedmoor, Long Island, tarehe 26 Septemba 1874, Wamarekani walipowashinda Waairishi kwa alama 934 dhidi ya 931. Waairishi walitumia bunduki za Rigby za kushindilia kutoka mdomoni, Wamarekani za Remington na Sharps zinazofunguliwa nyuma. Henry Fulton alipata 171 kati ya 180. Kinachofaa kukumbukwa na mwenye kujaribu leo ni tofauti ile ya alama 3, na kwamba risasi moja ya Mwairishi ilipiga katikati ya shabaha ya jirani na ikahesabiwa sifuri, wakati katikati ilikuwa na thamani ya alama 4. Namba ya shabaha isomwe kwa sauti kabla ya kila risasi. Kwenye tundu la kilengeo shabaha zote zinafanana.

Kuhusu upepo, upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa huisogeza risasi hii zaidi ya futi 10 kwenye yadi 1,000. Anayesoma maili 10 kumbe ni 8 amekwisha kukosa kwa futi mbili. Kwa hiyo utaratibu ni kuchagua hali moja ya bendera inayojirudia mara nyingi, kuweka kilengeo kwa hali hiyo, na kufyatua inaporudi tu. Kufukuza kila badiliko kwa skrubu kunahitaji msaidizi mwenye darubini anayetazama mtetemo wa joto, na mlengaji anayemwamini bila kubishana. Upepo unaotoka mbele au nyuma nao una kazi yake kwenye kimo, kidogo lakini unaonekana, na usipoandikwa utasingiziwa baruti.

Kila risasi inaandikwa: namba yake, fungu la uzito, upepo (mwelekeo kama kwenye uso wa saa, kasi kwa maili), kimo kwenye vernia, mahali ilipotua, na kama kitambaa cha tatu kilitoka kikavu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyoeleza risasi nyingi za chini kuliko nyingine yoyote. Mtawanyiko wa wima kwenye yadi 1,000 sasa ni mwembamba kuliko wa mlalo, jambo ambalo halikuwapo kabla ya utaratibu wa kufuta na maganda marefu.

Kazi zilizobaki

Kalibu ya 0.443 kwa karatasi ya elfu 1.5, ili risasi ianze karibu zaidi na kipenyo chake cha mwisho na itanuke kidogo. Kulinganisha kidonge cha grisi na kizibo kikavu kitupu, kwa sababu mtutu unafutwa kila risasi na huenda grisi haina kazi tena. Maganda yapimwe upya urefu baada ya kila kulainishwa, na yaliyofika 2.405 yakatwe.